Kutoka Chamonix hadi Cargill: nilivyofuata ugomvi wa barafu na njia ya dunia

Nimerudi Manchester juzi juzi, mguu mmoja bado unalalamika, nimekaa na daftari langu na picha za kwenye simu nikaona niandike kabla siku hazijachanganyika kichwani. Safari ilikuwa ya Ufaransa kwanza afu Scotland, ila chanzo chake ni Mlima Kenya. Waliopanda kwa njia ya Naro Moru wanajua, ukifika Austrian Hut unakuta barafuto (mto wa barafu unaoshuka taratibu mlimani) ya Lewis hapo pembeni, na ukiendelea kuzunguka kilele unaikuta ya Tyndall, au niseme kilichobaki cha Tyndall. Nilifundisha jiografia Arusha kabla sijahamia huku, na tangu nilipopanda mlima ule nilitaka kujua huyo Tyndall ni nani hasa mpaka jina lake likakae kwenye ikweta. Kumbe alikuwa katikati ya ugomvi mkubwa wa wanasayansi wa Uingereza enzi za Malkia Victoria. Maswali yalikuwa mawili: barafu iliyo ngumu vile inashukaje bondeni, na kwa nini zamani ilifunika sehemu kubwa ya Ulaya ya kaskazini afu ikarudi nyuma. La kwanza walilipimia Chamonix, mji wa milimani Ufaransa, kwa vijiti na kamba. La pili alilijibu kwa hesabu za njia ya dunia kuzunguka jua mtu mmoja, James Croll, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza jengo la makumbusho Glasgow, na amezikwa Cargill, Scotland. Nikasema nitakwenda kote kuwili.

Kwa wenye pasipoti ya Tanzania kama mimi: kibali cha kuishi Uingereza hakikuingizi Ufaransa, lazima uombe viza ya Schengen, yuro 90 na juu yake ada ya ile ofisi inayopokea maombi, na kazi ngumu yenyewe ni kupata miadi. Mimi nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kuangalia kama kuna nafasi imefunguka. Anza mapema, miezi mitatu kabla si mingi.

Alhamisi: Manchester, Geneva, Chamonix

Ndege ilichelewa masaa matatu bila maelezo yoyote ya maana, tumekaa tu pale getini watoto wanalia. Geneva nilikuwa nasubiriwa na mama mdogo wangu, anakaa kule miaka mingi, nimemkuta bado amesimama pale wanapotokea wasafiri na mfuko wa chapati mkononi. Namwambia shikamoo mama, samahani kwa kukusimamisha, ananijibu marahaba mwanangu, kula kwanza. Tumekula tumesimama kwenye kituo cha mabasi. Basi nililokuwa nimelilipia lilishaondoka zamani, mama mdogo akaenda kuongea Kifaransa na dereva wa basi lililofuata, sijui alimwambia nini ila yule baba alicheka, akaniashiria nipande, na hakunidai hata senti. Tiketi ya kawaida ni yuro 20 na kitu, mwendo saa moja na nusu hivi.

Chamonix nimefika giza limeshaingia, mita 1,035 juu ya bahari, baridi ya Septemba inakuingia kwenye shingo. Hosteli yuro 45 kitanda kimoja chumba cha watu sita. Waulize hapo mapokezi kadi ya mgeni, maana nayo unapanda mabasi ya bondeni bila kulipa, na wengine hawakwambii mpaka uulize.

Ijumaa: Montenvers na Mer de Glace

Siku hii ndo safari yenyewe, kwa hiyo nitakaa nayo.

Treni nyekundu ya Montenvers inaondokea nyuma ya stesheni kubwa, unavuka kwa daraja la juu. Reli ilifunguliwa 1909, ina meno katikati ya kushikilia mlima, inapanda dakika ishirini mpaka mita 1,913. Kwenda na kurudi pamoja na kuingia pango la barafu nimelipa karibu yuro 40, inauma, lakini lipa. Panda treni ya kwanza ya asubuhi, ikifika saa nne pale juu hakuna pa kusimama.

Ukitoka stesheni unatazama chini kwenye bonde lenye kuta za mwamba wa kijivu, ndefu, tupu, na chini kabisa ndo kuna barafu, hiyo barafuto ya Mer de Glace, imefunikwa na kifusi mpaka mtu wa kwanza kuja anauliza barafu iko wapi. Wakati wa akina Tyndall watu walikuwa wanashuka kidogo tu kutoka kwenye nyumba ya wageni wanaikanyaga. Kuanzia 1850 hivi mdomo wake umerudi nyuma zaidi ya kilomita mbili. Mimi nilisimama pale nikashika reli ya kizuizi nikakaa kimya muda mrefu, maana Lewis na Tyndall za kwetu nimeziona zilivyo, na nilidhani labda kubwa hizi za Ulaya zina nafuu.

Sasa hadithi. Mwaka 1842 alikuja hapa James David Forbes, profesa wa Edinburgh, ana miaka 33. Mwaka mmoja nyuma alikuwa mgeni wa Louis Agassiz kule Uswisi kwenye barafuto ya Unteraar. Huyu Agassiz ndiye aliyewatangazia watu kuwa kulikuwa na enzi ya barafu, na wawili hao baadaye walikosana juu ya nani ameona nini kwanza. Forbes akaja na theodolaiti, ile mashine ya masaveya, na muongozaji wa Chamonix aitwae Auguste Balmat. Wakatoboa tundu kwenye barafu wakasimika kijiti, theodolaiti wameiweka kwenye mwamba usiosogea, wanalenga alama ya ng'ambo, wanapima kijiti kimeachana na mstari kiasi gani. Enzi hizo wengine walisema barafu inateleza kama pande moja, wengine kwamba maji yanaingia kwenye nyufa yanaganda yanatanuka yanaisukuma, wengine wanaamini inakwenda kwa mishtuko. Forbes akakuta inatembea usiku na mchana bila kusimama, na katikati inakwenda kasi kuliko pembeni, yaani sentimita arobaini na kitu kwa siku huku ukingoni na karibu sabini katikati. Akasema barafuto ni kitu kizito kinachotiririka, uji mzito sana unaoshuka kwa uzito wake wenyewe.

Nimepanda njia ya miguu kutoka Montenvers kwenda Signal Forbes, jina lake hilohilo limewekwa kwenye kilima cha mita 2,200 hivi, kama saa moja kwa mwendo wangu. Njia ni ya mawe yaliyopangwa vizuri lakini mvua ikinyesha yanateleza, vaa viatu vya kushika. Huko juu nilimkuta mzee mmoja wa Kifaransa na mkewe wanakula matofaa, aliniona nahangaika kukuza picha kwenye simu akanipa darubini yake bila mimi kuomba. Akanionyesha kwa kidole, juu kabisa upande wa maporomoko ya Géant, mistari myeupe na myeusi imekatiza barafuto, na kila mstari umepinda, tumbo lake limeelekea bondeni. Hiyo mistari Forbes aliiona kutoka huku juu, jioni, jua likiwa limelala. Mstari mmoja mweupe na mmoja mweusi ni mwendo wa mwaka mmoja. Na ule mpindo ndo ushahidi wenyewe, katikati imewahi, pembeni imechelewa. Nilikuwa nimesoma habari zake mara nyingi, ila kuuona umechorwa pale mwili ulinisisimka. Yule mzee alinigawia nusu ya tofaa lake nami nikampa chapati ya mama mdogo, akaila yote akauliza imepikwaje.

Sasa Tyndall anaingia. Mzaliwa wa Leighlinbridge, Ireland, 1820, profesa wa Royal Institution London. Akaja Alps 1856 na rafiki yake mwanabiolojia Thomas Huxley, 1857 akahamia hapa Mer de Glace na vijiti vyake. Aligundua jambo zuri kabisa: bonde likipinda, sehemu yenye kasi zaidi haikai katikati, inahamia upande wa nje wa kona, vilevile mto wa maji ufanyavyo. Mwisho wa Desemba 1859 akarudi kwenye theluji ya kumzika mtu, akalala hapa Montenvers, akapima tena akakuta kasi ya baridi ni kama nusu ya ile ya kiangazi. Mtu wa kazi kwelikweli. Lakini alikataa neno la Forbes la utiririkaji. Alisema kitu kinachotiririka kinavutika, barafu ukiivuta inakatika, ndo maana ina nyufa. Kwake yeye barafu inavunjika vipande kwa mgandamizo, vipande vinagusana vinaungana tena. Hilo la kuungana alilianzisha Michael Faraday, alionyesha kuwa vipande viwili vya barafu inayoyeyuka ukivikutanisha vinashikana.

Nilijaribu mwenyewe. Chini kwenye pango la barafu kuna mahali maji yanachuruzika na vipande vimeanguka, nikaokota viwili vya ukubwa wa yai, nikavibana viganjani. Vidole vimekufa ganzi, nahesabu kimoyomoyo, nikafungua mkono mmoja, kile cha chini kimening'inia, kimeshika. Nimekitikisa hakikuachia. Ndani ya ile barafu kuna viputo vidogo vya hewa vimejipanga mistari na punje za mchanga zimekwama, ukisogeza jicho karibu unaona kila punje ina tundu lake dogo la maji. Na pango lenyewe linachongwa upya kila mwaka kwa sababu barafu inatembea nalo, mfanyakazi wa pale alinieleza wakiliacha linapindwa na kusogezwa mbali na mlango. Kwa hiyo mtu anayetaka kuamini kuwa inatembea aangalie ratiba ya kazi ya wale wachongaji.

Ugomvi haukuishia kwenye fizikia. Tyndall alimlaumu Forbes kuwa hakumpa heshima ya kutosha padri wa Savoy, Louis Rendu, baadaye askofu wa Annecy, ambaye 1840 alishalinganisha barafuto na mto. Mwaka 1859 Forbes alipopendekezwa kupewa nishani ya Copley, ile kubwa ya Royal Society, chama cha wanasayansi wa Uingereza, Tyndall na Huxley walisimama kumpinga, na nishani ikaenda kwa Mjerumani Wilhelm Weber. Forbes amekufa mwisho wa 1868, na miaka ya 1870 marafiki zake na Tyndall bado walikuwa wanarushiana maandishi juu ya kaburi lake. Mimi nimesoma pande zote na naona Forbes alionewa. Miaka ya 1950 mwanafizikia John Glen aliminya barafu maabara akaonyesha kuwa fuwele zake zinajongea na kubadilika umbo taratibu zikibanwa, bila kuhitaji kuvunjika, na kadiri unavyozidisha mgandamizo ndo kasi inaongezeka mara nyingi zaidi. Kuna na kuteleza juu ya mwamba kwa chini, hilo ni kweli nalo. Ila neno la Forbes ndo lililokuwa karibu zaidi na ukweli, na jina lililofika kwetu Mlima Kenya ni la Tyndall.

Jioni nimerudi mjini miguu inatetemeka, nikala tartiflette, viazi na jibini iliyoyeyuka, yuro 18, kawaida wanaweka nyama ya nguruwe nikaomba waitoe wakaitoa bila shida, wakaniongezea na viazi.

Jumamosi: Bossons

Basi la bure mpaka kijiji cha Les Bossons, afu kupanda kwa miguu msituni saa moja na nusu. Beba maji yako, kule juu chupa ndogo ni yuro 4. Barafuto ya Bossons inaanzia karibu na kilele cha Mont Blanc, mita 4,800 na kitu, inaporomoka mpaka karibu na misitu. Ukitazama kutoka chini ni nyeupe sana, imejaa nyufa za bluu, na kila baada ya muda unasikia kitu kinakatika huko ndani.

Hapa kuna habari iliyoniumiza. Agosti 1820 msafara wa Dk. Joseph Hamel ulikuwa unapanda Mont Blanc, theluji ikaporomoka, waongozaji watatu wa Chamonix wakasombwa wakaingia kwenye ufa mkubwa. Miili haikupatikana. Forbes alipopata kasi ya barafu alisema bila woga kwamba watatokea chini baada ya miaka kama arobaini. Mwaka 1861 ikaanza kutokea mifupa, vipande vya nguo, kamba, mkono wa mtu. Mmoja wa walionusurika siku ile alikuwa bado hai, mzee sasa, wakamuita, akautambua ule mkono kuwa ni wa mwenzake. Nilikaa kwenye benchi nikafikiria wale waongozaji, na wapagazi wetu wa Mlima Kenya na Kilimanjaro wanaokufa mlimani na majina yao hayaandikwi popote. Hawa watatu angalau majina yao yanajulikana mpaka leo: Pierre Balmat, Pierre Carrier, Auguste Tairraz.

Na barafu bado inarudisha vitu. Ndege mbili za Air India zilianguka Mont Blanc, moja Novemba 1950 nyingine Januari 1966, na hii ya pili ilikuwa na watu 117. Mwaka 2012 ulitokea mfuko wa barua za kidiplomasia, na 2020 yakatokea magazeti ya Kihindi ya Januari 1966 yenye habari ya Indira Gandhi kuwa waziri mkuu, karatasi zinasomeka. Mama mmoja mwenye mgahawa njiani ndiye aliyenisimulia hayo, nilikuwa nimeagiza kahawa tu, akaniletea na keki ya bluuberi akasema hii ni ya kutoka kwangu.

Kwa atakayekwenda: ukikuta kitu chochote kwenye barafu ya Bossons usikiweke mfukoni, kipeleke kwa jandarme, yaani polisi wa kule. Ni vitu vya marehemu.

Jumapili na Jumatatu

Kurudi Geneva, kulala kwa mama mdogo, kula wali na maharage, ndege, kufua nguo. Hakuna la kusimulia.

Jumanne: Manchester hadi Perth

Treni mbili, pauni 52 kwa kuwa nimenunua mapema, ukinunua siku hiyohiyo ni karibu mara mbili. Njiani tumesimama porini saa nzima kwa sababu ya hitilafu ya ishara, na hiyo saa nimeitumia kusoma hesabu za James Croll, ambaye ndo aliyenileta Scotland.

Nieleze kwa kifupi, maana bila hili Cargill haina maana. Njia ya dunia kuzunguka jua ni duaradufu, haijawa duara kamili. Sasa hivi urefu wake haujazidi sana, kipimo chake ni 0.0167 (duara kamili ni 0), tunakuwa kilomita milioni 147 kutoka jua mwanzoni mwa Januari na milioni 152 mwanzoni mwa Julai. Lakini kwa kuvutwa na sayari nyingine hiyo njia inarefuka na kurudi, inaweza kuzidi 0.05, na mhimili wa dunia nao unayumba taratibu kiasi kwamba baada ya miaka kama elfu kumi na moja majira yanabadilishana nafasi kwenye hiyo njia. Mfaransa Joseph Adhémar alishaligusa 1842. Wengi wakalipuuza wakisema jumla ya joto la mwaka haibadiliki kati ya nusu ya kaskazini na ya kusini.

Croll alisema jumla siyo hoja. Njia ikiwa imerefuka sana na baridi ya upande mmoja ikaangukia pale dunia iko mbali, msimu wa baridi unakuwa mrefu na mkali zaidi, theluji inajaa, theluji nyeupe inarudisha mwanga wa jua angani, baridi inazidi, pepo zinabadilika, mkondo wa maji moto wa Atlantiki unadhoofika, baridi inazidi tena. Kitu kidogo kinaita kingine. Aliandika hayo 1864, na akakaa akakokotoa kwa kanuni za mwanafalaki Urbain Le Verrier umbo la hiyo njia miaka milioni tatu nyuma. Kwa mkono. Na kwa sababu aliona barafu na obiti, yaani hiyo njia ya dunia, ni jambo moja, aliingia pia kwenye ugomvi wa mwendo. Padri wa Bristol, Henry Moseley, alishaona mabati ya madini ya risasi kwenye paa la kanisa kuu la Bristol yameshuka karibu nusu mita ndani ya miaka miwili kwa kutanuka na kunywea na jua, akasema barafu nayo ni hivyo, uzito peke yake hauwezi kuikata. Croll akakubali nusu ya hoja, akapendekeza kuwa joto linapita kwenye barafu chembe kwa chembe, kila chembe inayeyuka nukta moja, inashuka, inaganda tena. Hili halikusimama. Lile la obiti ndo lililobaki.

Perth nimelala kwa mama mmoja anayepangisha vyumba, pauni 55 na chai ya asubuhi.

Jumatano: Wolfhill na Cargill

Basi la kuelekea Blairgowrie, dereva akanishusha njia panda akaniambia rudi hapahapa saa kumi usichelewe, la baadaye ni la usiku. Mashamba ya viazi na shayiri pande zote. Croll alizaliwa hapa Little Whitefield, Januari 1821, baba yake mchonga mawe mwenye kijishamba, familia ikahamia Wolfhill yeye akiwa mdogo. Shule aliiacha bado mtoto ili asaidie nyumbani. Akawa fundi wa mitambo ya kusagia, akawa seremala mpaka kiwiko kikaharibika, akafungua duka la chai Elgin, likafa, akaendesha hoteli isiyouza pombe Blairgowrie, ikafa, akawa wakala wa bima na kazi hiyo aliichukia. Mwaka 1859, ana miaka 38, ndo akapata ile kazi ya makumbusho Glasgow.

Nimetembea barabara isiyo na njia ya miguu, magari yanapita kwa kasi, si salama, vaa kitu cha kung'aa. Mkulima mmoja kwenye gari la mizigo alisimama akauliza unaenda wapi kijana, nikamwambia makaburini Cargill kwa James Croll, akafungua mlango akasema panda. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Tanzania, akanyamaza kidogo akauliza kama ni kweli barafu ya Kilimanjaro inaisha. Tukaongea hilo mpaka tunafika. Akanisubiri.

Croll alikufa Desemba 1890, amezikwa kwenye uwanja wa kanisa hili, mto Tay uko jirani. Mawe ya zamani yameota kuvu ya manjano na kijivu, mengine unayasoma kwa kupapasa. Nilisimama nikamwombea. Huyu mtu aliyeanza kama mtunza jengo aliandikiana na mwanajiolojia Charles Lyell na Charles Darwin. Mwaka 1876 Royal Society wakamfanya mwanachama na St Andrews wakampa shahada ya heshima, mwaka mmoja baada ya kitabu chake kikubwa kutoka. Afu miaka ya mwisho wakamwacha, maana alisema enzi ya barafu iliisha miaka 80,000 iliyopita, na waliopima maporomoko ya Niagara yalivyokula mwamba wakapata kama miaka elfu kumi tu.

Na kweli hapo alikosea, na alikosea pia kusema kaskazini na kusini zinapokezana barafu. Kwetu ikweta barafu ilishuka zama zilezile na ya Ulaya. Mserbia Milutin Milanković alikuja kuonyesha kuwa cha kuangalia ni kiangazi: kikiwa na ubaridi, theluji ya mwaka uliopita haiishi. Na 1976 wanasayansi Hays, Imbrie na Shackleton wakasoma tope la chini ya Bahari ya Hindi, upande wa kusini, wakakuta mapigo ya obiti yamo humo, lile kubwa ni la miaka kama 100,000, ambalo linaendana na kurefuka na kurudi kwa njia ya dunia. Yaani kitu alichokishika Croll kwenye karatasi.

Basi la saa kumi nililiwahi kwa sababu ya yule mkulima. Nilitaka kumpa hela ya mafuta akakataa kabisa.

Alhamisi: Glasgow

Treni kutoka Perth saa moja. George Street, ilipokuwa Anderson's College na makumbusho yake, sasa ni jengo kubwa la mawe mekundu la University of Strathclyde. Mlinzi nilimweleza kilichonileta akaniruhusu niingie mpaka ukumbini. Croll alikuja kusema hakuna mahali palipomfaa kama hapa, kazi nyepesi, maktaba ya sayansi iko ndani, na mdogo wake alikuwa anamsaidia shughuli za jengo ili yeye asome. Nilimuuliza mlinzi kama anasoma zamu ya usiku, akacheka, akatoa mfukoni kitabu cha hesabu, anajiandaa kuanza chuo. Nikampa mkono.

Mchana nikapanda subway mpaka Hillhead, pale University of Glasgow, jengo la jiolojia zamani liliitwa Gregory Building, sasa ni Molema Building. Huyo Gregory ni J. W. Gregory yuleyule aliyefika Mlima Kenya 1893, akaipa Lewis jina lake, akaona kifusi cha barafu ya kale mbali chini ya barafu ya sasa, na ndiye aliyeandika juu ya Bonde la Ufa. Alikuja kuwa profesa hapa kuanzia 1904. Kwa hiyo mji mmoja huu una aliyekokotoa obiti bila kuondoka kwenye maktaba, na aliyekwenda kuzikuta alama za barafu hiyo kwenye ikweta.

Hesabu za mwisho kwa atakayefuata: bila viza na ndege nimetumia kama pauni 520 yote, Chamonix ndo imekula zaidi. Septemba mwanzoni ni muda mzuri, Oktoba treni ya Montenvers huwa inafungwa kwa matengenezo, angalia kabla hujakata tiketi ya ndege. Cargill usiende Jumapili, mabasi ni machache mno. Na kama unakaa Kenya au Tanzania na uwezo wa Ulaya haupo, panda Naro Moru mwaka huu au ujao, muulize guide akuonyeshe Tyndall, piga picha ukiwa umesimama kwenye jiwe unaloweza kulitambua tena, andika tarehe, na uitunze.